Mwili Uliokataa Mbuzi

Binti yangu ana ugonjwa wa kusema jambo kabla hajanawa mikono. Agosti ile, chuo kilipofungwa, alitukuta uani kwa baba yangu huko Ikutha tukipepeta mbaazi. Akatupa begi chini, akatangaza kwamba mwili wa binadamu una makosa na kuna wataalamu wanaofikiria kuutengeneza upya.

Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda akisokota kamba ya kufungia mbuzi. Hakuinua macho.

"Makosa gani?" aliuliza. "Magoti? Kama ni magoti, hapo nakubali."

Hayakuwa magoti. Lilikuwa tumbo. Lekchara wao alikuwa amewapa mjadala: chakula tunachokula kinaielemea ardhi, hasa nyama, na watu wamebembelezwa wabadilike wakakataa. Basi, badala ya kubembeleza, kwa nini mwili wenyewe usibadilishwe uweze kuishi kwa chakula kisichoimaliza dunia? Binti yangu aliandika akiunga mkono, na alama zake zilishinda za darasa zima. Nilijifanya sijasikia hilo la alama, lakini moyoni nilifurahi sana.

"Kwanza, Umau," alisema, maana hivyo ndivyo amemwita babu yake kwa Kikamba tangu aanze kuongea, "watu wazaliwe wakiwa wafupi. Mtu mfupi anakula kidogo."

"Mama yako alizaliwa mfupi," baba alisema. "Muulize kama anakula kidogo."

Nilimrushia konzi ya makapi. Binti yangu akaendelea na la pili, kwamba watu wapewe tumbo linaloweza kusaga majani na nyasi. Hapo baba aliweka kamba chini. Wazo hilo lilimwingia. Alitukumbusha mwaka mmoja mvua ilipokosa, mbuzi wake wakaokota maganda ya migunga na majani makavu wakaishi, na sisi wenye akili tukapanga foleni ya mahindi ya msaada. Alitaka kujua kama tumbo hilo lingepewa watoto tu ama hata wazee wangefikiriwa.

"Na la tatu," binti yangu alisema, "ni dawa. Unapewa, halafu mwili wako unakataa nyama kabisa. Ukikula unakuwa mgonjwa. Kwa hivyo unaacha mwenyewe, hakuna mtu amekulazimisha."

Baba alimgeukia. "Yaani mtu asikie harufu ya mbuzi inachomwa, atake kutapika?"

"Kitu kama hiyo."

"Huyo mmemtengeneza ama mmemharibu?"

Tulicheka wote, na mimi nikaona ni wakati wa kutoa ukali wangu. Nauza nafaka sokoni Emali. Ndengu, mbaazi, kunde, maharagwe, hivyo ndivyo vilivyomsomesha huyo msichana. Nilimwambia amuulize lekchara wake yeye hula nyama mara ngapi kwa wiki, kisha aje ahesabu kwetu. Sisi siku zote ni muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na kunde au mbaazi, na siku muthokoi umetuchosha tunakula mahindi hayo hayo kwa jina lingine. Mbuzi huchinjwa Krismasi, au mgeni mkubwa akija, au kukiwa na ndoa. Alisema, "Mama, si nyinyi nilikuwa nasema." Nikamwambia basi wakatengeneze hao wengine kwanza.

Inabidi niseme hapa kwa nini binti yangu ni wa nyumba ya baba, maana bila hilo yaliyofuata hayana maana. Kwetu Ukambani mwanamume akitaka mke huleta mbuzi wa ntheo kwa wazazi wa msichana. Huwa watatu. Wawili hubaki zizini, na beberu huchinjwa siku hiyo hiyo, pande zote mbili zikala. Mtu aweza kutoa mambo mengine mengi, gari hata, lakini kama ntheo haijaliwa, huyo si mke wa mtu. Kwa ajili yangu mimi hakuna aliyewahi kuleta mbuzi. Aliyenizalisha alipotea njia ya Loitokitok, na sijamtafuta. Kwa hiyo mtoto wangu ni wa kwa baba, na mbuzi wake wangekuja kwa baba.

Mzee huyo hakuwahi kunisimanga hata siku moja. Mimi ndimi kifungua mimba wake, nimepewa jina la mama yake, na kwa desturi yetu hilo linanifanya mama yake kweli kweli. Ananiita Mwaitu, yaani mama yangu. Siku niliporudi nyumbani na tumbo, nikiwa nimejiandaa kufukuzwa, alisema tu, "Mwaitu, umekula?" Nimempenda kwa sababu nyingi, lakini hiyo ndiyo ya kwanza.

Kitu kimoja tu ndicho nilichojua anakitamani. Nyumbani kwetu, tangu enzi za babu zake, beberu wa ntheo akichomwa, ini huletwa kwanza kwa mwenye boma. Yeye huuma kipande, hutafuna watu wakimtazama, humeza, kisha husema, "Nimekula." Kabla ya neno hilo hakuna mgeni anayegusa nyama. Baba aliwahi kula maini ya ntheo za watoto wa ndugu zake akiwa mgeni wa heshima, lakini la nyumbani kwake hakuwahi. Lilikuwa lije kwa njia yangu na halikuja. Likabaki la mjukuu.

Ugonjwa ulianza baada ya mvua za Novemba. Mara ya kwanza ilikuwa siku ya Krismasi. Tulikula mchana, na jua likikaribia kuzama baba akaanza kujikuna. Upele mkubwa ulimtoka mgongoni na midomo ikavimba. Asubuhi ulikuwa umetoweka. Alisema ni mafuta ya kupikia niliyoleta kutoka Emali, kwamba vitu vya Emali vyote vimechanganywa. Niliyatupa, nikatumia ya kijijini.

Ikarudi. Akashtaki kunde, kwamba zilinyunyiziwa dawa. Akaacha kunde. Ikarudi, akashtaki mayai, kisha sabuni, kisha majani ya chai. Nilikuja kumwona mwishoni mwa Januari nikamkuta anaishi kwa uji na viazi vitamu, amekonda, suruali imefungwa kwa ile kamba ya mbuzi. Mzee wangu alikuwa ameshtaki kila kitu kilichowahi kuingia mdomoni mwake isipokuwa kimoja, na mimi nikamsaidia.

Kwa maana kwetu mtu mgonjwa hupewa supu ya mbuzi. Mifupa inachemshwa na mizizi na magome hadi maji yawe meusi na machungu, na mgonjwa anakunywa ikiwa moto. Hiyo haihesabiwi kuwa chakula, ni dawa, na majirani walikuwa wameshaanza kumletea. Nilifunga kibanda changu sokoni, nikahamia Ikutha, nikamchemshia supu kwa mikono yangu. Nilimsimamia hadi atie kikombe tupu mkononi mwangu. Kadiri alivyovimba ndivyo nilivyoongeza mifupa. Siku moja alasiri koo lilibana, akawa anavuta pumzi kwa sauti ambayo sijaisahau, na tukampakia kwenye gari la jirani hadi Kitui mjini.

Daktari alikuwa msichana mdogo, pengine anamzidi binti yangu miaka michache. Baba alipotulia na kuanza kupumua vizuri, daktari aliketi karibu na kitanda akaniomba nimtajie kila alichokula kabla ya kila shambulio. Nilianza kwa kujiamini kama mwanafunzi anayejua jibu. Krismasi, wali na mbuzi. Mwaka mpya, chapati na ile iliyobaki. Baada ya hapo hakula kitu, daktari, uji tu na supu. Halafu uji na supu. Halafu viazi na supu. Nikajisikia nikisema supu, supu, supu.

"Supu ya nini?" aliuliza, ingawa nadhani alikwisha kujua.

Alitueleza taratibu. Kuna watu ambao kupe akiwauma, mate yake hufundisha mwili kuikataa nyama ya wanyama wenye miguu minne. Haitokei hapo hapo, hutokea saa kadhaa baada ya kula, ndiyo maana watu hawagundui. Alimuuliza baba kama kupe humuuma.

"Nafuga mbuzi," baba alisema. "Kupe wananijua kwa jina."

"Basi pengine ndiyo hiyo, mzee. Ni aleji. Tutapima damu, lakini nyama ya mbuzi, ng'ombe, kondoo, uache kabisa. Hata supu. Leo umefika. Next time koo inaweza kufunga kabla mfike barabarani."

"Daktari," baba alisema kwa upole, kama mtu anayesahihisha kosa la karani, "mimi ni Mkamba."

"Unaweza kula kuku. Na samaki."

"Kuku si nyama," alisema, akageukia ukuta.

Nilitoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji. Niliona aibu kuliko nilivyowahi kuona nikiwa na mimba. Nilikuwa nikimuua baba yangu kikombe kwa kikombe, kwa mapenzi, huku nikimgombeza amalize.

Majibu ya damu yalipokuja yakasema vile vile. Nilimpigia simu binti yangu. Mwanzoni alicheka, kicheko cha kutoamini, halafu akaniomba nirudie.

"Mama," alisema, "hiyo ndiyo nilikuwa nimeandika. Hiyo ya tatu. Niliandika hadi jina ya hiyo kupe."

"Najua."

"Nilipata A."

Alianza kulia nami nikamwambia asiwe mjinga, kupe hasomi karatasi za chuo.

Baba alitufanya tuape kutosema kwa mtu. Mzee wa Ikutha mwenye zizi limejaa, aonekane anashindwa na mbuzi? Kwenye mazishi alisema jino linauma. Kwenye arusi alisema amekula nyumbani. Watu wakaanza kunong'ona kwamba ameokoka kupita kiasi, kwamba amejiunga na kanisa moja geni lisiloruhusu nyama, na pasta wetu alikuja kumuuliza kwa heshima kama kuna jambo. Mwishowe akaacha kwenda. Mwili wake ulikuwa umepona, amenenepa, ngozi inang'aa kwa ndengu zangu za kupondwa na samaki wa kukaushwa niliowaleta. Ila alikaa peke yake, akisikia wenzake wakicheka boma la pili. Sikujua kwamba mtu anaweza kupona hivyo na bado ukamhurumia. Binti yangu alipokuja likizo aliketi naye siku nzima akila alichokula yeye, hakutaja lekchara wala dunia.

Mwaka haujaisha, ujumbe ukaja kutoka Makueni. Kijana mmoja wa Wote, mwalimu, alikuwa amemchumbia binti yangu kwa muda na sasa wazee wake walitaka kuleta ntheo. Baba alifurahi hadi akanunua kofia. Kisha, tulipokuwa tunapanga mahali pa kuweka viti, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ini nitaonja kidogo tu."

Nilifikiri nimesikia vibaya. Hapana. Alikuwa ameshaamua.

"Kipande kama ukucha, Mwaitu. Hiyo haiwezi kuua mtu."

"Daktari alisema hata supu."

"Daktari hana ntheo."

Nilimgombeza, nikapiga kelele, nikamwambia atanifanya nimzike yeye na kumwoza binti siku moja. Binti yangu alisema afadhali wageni waambiwe wasije, yeye hataki kuolewa kwa namna hiyo. Baba akamjibu kwamba yeye hawezi kuketi kwenye ntheo ya boma lake mwenyewe kama mgeni aliyepita kuomba maji. Alisema mwenye boma asipokula, watu wa Makueni watarudi wakisema wamekataliwa, na mtoto ataishi kama mimi nilivyoishi. Akashtuka kwa alichosema. Ilikuwa mara ya kwanza, na alishika mkono wangu haraka akasema, "Si hivyo, Mwaitu, si hivyo." Lakini nilielewa. Alikuwa tayari kufa ili mjukuu wake asihesabiwe kama nilivyohesabiwa.

Asubuhi ya siku yenyewe nilijaribu ujanja wa mwisho. Nilikaanga maini ya kuku jikoni, nikapanga kuyatia kwenye sinia lake. Alinusa kabla hata hajafika mlangoni.

"Unataka mtoto aolewe kwa kuku?" aliuliza, na sijawahi kumwona amekasirika vile.

Wageni walifika kabla ya saa sita, mbuzi watatu mbele, wanawake wao wakiimba. Beberu alikuwa mweusi, mnono, na baba alimpapasa mgongo kama mtu anayemjua. Akachinjwa. Moshi ukapanda. Nilikuwa nimesimama mlango wa jikoni na sindano ya daktari kwenye mfuko wa aproni, ile aliyotupatia ya kumdunga mtu koo likifunga, nikirudia moyoni jinsi ya kuitumia. Binti yangu alikuwa ameketi ndani na wasichana wenzake kama desturi inavyotaka, lakini alikuwa amefungua dirisha.

Ini likaletwa kwenye sinia la mbao, limekatwa vipande. Baba mdogo, yaani mdogo wake baba, ndiye aliyelibeba. Watu wakasogea karibu. Baba alichukua kipande. Hakikuwa kama ukucha, kilikuwa kikubwa. Alikiinua hadi karibu na mdomo na kukishikilia pale. Alitazama wageni. Halafu alitazama lile dirisha.

"Mwaitu," aliita. "Njoo hapa."

Nilikwenda mbio nikidhani ameshameza. Alikuwa bado ameshika kile kipande.

"Watu wa Makueni," alisema, "mimi si mtu wa kanisa geni, na jino haliniumi. Kupe aliniuma na mwili wangu umegeuzwa. Nikikula hii, mtanizika kabla hamjafunga safari. Nilikuwa nataka kula hata hivyo. Lakini sasa naona huyu mtoto wangu atakumbuka siku yake ya ndoa kama matanga." Kisha akanionyesha mimi. "Huyu atakula kwa niaba yangu."

Baba mdogo alitingisha kichwa. "Kaka, hiyo haiwezekani. Huyo ni mwanamke. Na ntheo ni ya mtoto wake mwenyewe. Tangu lini?"

"Si mwanamke," baba alisema. "Ni mama yangu. Hata wewe ni mama yako, ama umesahau jina lake? Mama alinitafunia nikiwa sina meno. Alikutafunia hata wewe. Leo anitafunie tena, kuna ubaya gani?"

Baba mdogo alilitua sinia chini. Mzee mmoja wa upande wa Makueni alicheka kwa sauti, akasema kama mama mwenye boma amefika yeye hana neno. Wengine wakaitikia. Baba akanipa kile kipande mkononi.

Nilikiuma. Sikuwahi kuonja ini la ntheo, si la mtu yeyote. Machozi yalikuwa yananitoka nami sikuyafuta kwa kuwa mikono ilikuwa na mafuta. Baba aliinama mbele kwenye kigoda chake hadi kofia mpya ikakaribia kunigusa.

"Iko na chumvi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Iko."

"Inatosha?"

"Inatosha. Juu imekauka kidogo, imeshika moshi. Ndani bado laini."

"Na ule uchungu wa nyongo?"

"Kidogo. Mwishoni."

Taya zake zilikuwa zinakwenda pamoja na zangu. "Pole pole," alisema. "Usimeze bado."

Nilitafuna pole pole, watu wote wakisubiri, hadi akaniashiria kwa kichwa. Nikameza. Akafuta midomo yake kwa mgongo wa mkono, midomo ambayo haikuwa imeguswa na kitu, akasimama, akawageukia wageni.

"Nimekula," alisema.